Ukurasa wa Baada ya Mwisho

Majina yakianza kupanda kwenye skrini, ninyi mnainuka. Nawaona. Juzi nilikaa ukumbini nyuma ya vijana wanne wa kazi hii yetu ya kuhakiki filamu. Jina la tatu halijapita, wote wanne wameshasimama, na mmoja anarekodi maoni yake kwenye simu huku mguu wake unatafuta kiatu alichokivua. Nikamvuta shati. Akageuka, "Bibi, imeisha." Nikamuuliza, "Nani kakwambia?"

Alikuwa na haraka, akaondoka. Basi nawaandikia yeye na wenzake, maana nilichotaka kumwambia hakisemeki kwa kumvuta mtu shati.

Mimi ni Nyangeta, mtoto wa Majita, ila Mwanza walinizoea kwa jina la Mama Filamu. Nilianza kuhakiki gazetini, nikamalizia redioni, dakika kumi na tano kila Jumamosi asubuhi. Sasa nimestaafu. Magoti yamekataa, ulimi bado. Kosa langu kubwa nitalisema, lakini nitafika kwa mwendo wangu, msinisukume.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Tungaraza, Mkerewe mmoja mfupi mwenye suruali za kupanda juu ya kitovu. Alikuwa mwendesha mashine kwenye sinema ya mjini enzi za mikanda, na sinema ilipofungwa akaanza kuandikia gazeti. Uhakiki wangu wa kwanza kabisa niliupeleka kwake nikiwa nimejaa maringo. Nilikuwa nimeisifu filamu moja kuukuu kwa mvua yake. Niliandika kwamba mvua ile haikatiki, inanyesha hata ndani ya nyumba, kuonyesha huzuni ya mhusika. Mzee akasoma, akavua miwani, akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu," akasema, "ile si mvua. Ni mikwaruzo. Mkanda umezeeka."

Jamani, nilitamani ardhi ipasuke. Lakini hakuitupa karatasi yangu. Aliikata ile aya ya mvua, akasema iliyobaki inafaa, nikachapishwa. Mpaka leo nikisoma kijana kaandika jambo la kijinga, namkumbuka mzee yule, natafuta kwanza aya inayofaa.

Alinifundisha vitu vidogo vidogo. Kuandika gizani bila kutazama daftari, sentensi moja kila ukurasa, herufi kubwa za mtoto wa chekechea. Kutokula karanga, maana ukila unasikia meno yako badala ya filamu. Kutokukaa kamwe karibu na mama wa mwigizaji. Hilo la mwisho nililipuuza mara moja pale Nyakato, na mbavu zangu zilikijua kiwiko chake. Kila kijana wake akitokea, mama ananidunga, "Ni wangu huyo! Andika!"

Kubwa kuliko yote alisema hivi: filamu hutazamwa mara mbili. Mara ya kwanza unatazama skrini. Mara ya pili unaipa skrini mgongo, unakaa mbele kabisa, unatazama nyuso za watu. "Skrini itakuambia mtengenezaji alitaka nini," alisema. "Nyuso zitakuambia alipata nini." Na kabla ya zote mbili, amri moja ambayo hata mtoto anaielewa: usitoke mpaka mfagizi akuguse kwa ufagio.

Hiyo ndiyo niliyoivunja.

Si zamani sana. Daraja la kuvukia ghuba lilikuwa bado linajengwa, na mimi nilikuwa nakaa Sengerema ambako mume wangu alifanya kazi. Kuja Mwanza ni kivuko, kurudi ni kivuko, na kivuko cha mwisho hakimsubiri mtu, hata angekuwa nani. Siku zile akatokea binti mmoja wa Nyakato anaitwa Kabula, akatengeneza filamu ya kitabu cha Ng'ombe wa Ziwani.

Wadogo zangu wa siku hizi labda hamkukisoma kitabu hicho. Sisi tulikisoma sote shuleni. Mwanamke anatoka ziwani na kundi la ng'ombe weupe, anaishi kijijini, anazaa binti. Siku moja ziwa linamwita, naye anarudi majini, na ng'ombe wote wanamfuata mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Binti anabaki ufukweni peke yake. Hapo pameandikwa MWISHO kwa herufi kubwa, kisha unafuata ukurasa mtupu. Lakini ukiugeuza ule mtupu, kuna ukurasa mwingine, hauna hata namba. Ni asubuhi, yule binti anakwenda kuchota maji, anakuta ndama mmoja mweupe amesimama kwenye mchanga, amelowa, na shingoni ana kamba ya mafunjo. Mama yake amemrudishia mmoja.

Wanafunzi wavivu walikuwa wanaishia kwenye MWISHO. Mwalimu wetu aliwanasa kwa swali moja tu: "Ndama alikuwa na nini shingoni?" Ukikodoa macho, umekwisha. Mimi sikuwahi kunaswa. Ukurasa ule niliupenda kupita kitabu chote, nadhani kwa sababu na mimi mama yangu alitangulia nikiwa darasa la tano.

Basi siku ya kuzindua filamu, Ijumaa, tukaitwa saa nane mchana. Mgeni rasmi akaja saa kumi. Akahutubia. Akakumbuka jambo, akahutubia tena. Filamu inaanza, mimi jicho moja liko kwenye saa. Nilitazama, sikatai. Ng'ombe walikuwa wachache, lakini wanapendeza. Mama wa ziwani akaingia majini, ng'ombe wakafuata, skrini ikawa nyeusi, majina yakaanza kupanda. Nikasema moyoni, hee, na ndama je? Wamemkata ndama! Nikainuka na hasira zangu na mkoba wangu, nikawahi kivuko. Nilikiwahi kweli. Nilisimama pale juu nikipigwa upepo, natunga maneno makali, na nilijiona nina haki kabisa.

Asubuhi yake nikayamwaga redioni. Nilisema binti huyu amekichukua kitabu cha wote akakichana ukurasa wake wa mwisho. Nilisema mtu asiyejua thamani ya ndama yule asiguse kitabu cha watu. Nilisema, na hili linaniuma mpaka leo, kwamba pengine hakukisoma mpaka mwisho.

Wahakiki wengine nao walikuwa wamesema yao. Mchungaji mmoja alilalamika kwamba filamu inatangaza majini na mapepo. Mwandishi mmoja wa Dar es Salaam aliisifu mno. Alisema weupe wa ng'ombe ulivyoyeyuka ndani ya maji ni ishara nzito ya roho kurudi kwenye asili yake. Baadaye Kabula mwenyewe alinicheka machozi juu ya hiyo ishara. Walikodi ng'ombe kumi na moja, weupe walikuwa wawili. Wengine wote walipakwa unga wa muhogo.

Jumatatu Kabula akanifuata redioni. Nilitegemea mtu wa kufoka, nikajiandaa. Akaingia msichana mwembamba, gauni la kitenge, akapiga goti kidogo. "Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, unacho kile kitabu?"

Nilikuwa nacho mezani, ndicho nilichokuwa nimekisoma hewani. Nikampa. Akafungua penye MWISHO, akanionyesha. Akageuza ule ukurasa mtupu, polepole, akanionyesha wa ndama.

"Na mimi nimefanya hivyo hivyo," akasema. "Skrini nyeusi, majina yote, halafu ndama. Nilitaka wanaoondoka mapema wamkose, kama shuleni."

Mimi, Nyangeta, niliyewacheka wavivu darasa zima! Nimenaswa uzeeni.

"Mwanangu, nisamehe," nikasema. "Jumamosi nitasahihisha."

Hakuinuka. Alikuwa anaushika ule ukurasa kwa kidole. Ndipo akaniambia kilichomleta. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minne. Baba yake, Mzee Maduhu, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani pale Nyakato, na katika chumba chao kulikuwa na kitabu kimoja tu, hicho. Kila jioni baba akitoka zamu alimsomea ukurasa ule mmoja. Kitabu kizima walikisoma labda mara mbili, ila ukurasa ule wa ndama alimsomea mpaka akaanza shule. Sasa mzee amestaafu, yuko kwao Misungwi, na Jumamosi ile alikuwa amewaita majirani waisikilize redio imsifu mwanae.

"Tangu siku ile nikimpigia simu nasema shikamoo baba," Kabula akasema, "anakaa kimya. Halafu anauliza, una shida gani? Marahaba haisemi. Nikimwambia ndama yupo, anasema redio imesema hayupo."

Ninyi watoto wa mjini mnaitupa shikamoo kama tiketi ya basi, labda hamtaelewa. Mzazi kuiacha shikamoo ya mwanae hewani, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu! Bora akuchape. Na aliyeyafanya yote hayo ni mimi, kwa sababu ya kivuko.

Mkuu wetu pale redioni hakutaka niombe radhi. Alisema mhakiki hakosei, mhakiki ana mtazamo wake, pigeni muziki. Nikamwambia mtazamo ni wa mtu aliyetazama. Jumamosi nikakaa mbele ya kipaza sauti, nikasema wazi kwamba nilitoka kabla filamu haijaisha, kwamba ndama yupo, kwamba filamu ni nzuri na mwisho wake unagusa moyo. Nikatoka studio nikijisikia mwepesi, nikajinunulia hata soda.

Jioni Kabula akapiga simu. "Mama, amesikia. Anasema redio imesema mambo mawili, sasa aamini lipi?"

Na filamu ilikuwa inakwenda kuonyeshwa Misungwi Jumapili ya wiki ile inayofuata. Mzee alikuwa ameshasema hatakanyaga.

Nikaona hii sasa si kazi ya redio, ni kazi ya miguu. Katikati ya wiki nikaenda Misungwi mwenyewe. Nilimkuta Mzee Maduhu uani, anachambua mbegu za mpunga kwenye ungo, redio yake ndogo imetundikwa dirishani, imezimwa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mayu. Karibu, mama." Sauti yangu akaitambua palepale. Akasimamisha ungo. "Wewe ni yule wa Jumamosi."

Nikasema ndimi. Kikanichoma kidogo kwamba mimi nimejibiwa marahaba, na mwanae hajajibiwa. Akaniletea kigoda, akaniletea maji ya kunywa, maana Msukuma hata akikuchukia atakupa maji. Nikamweleza yote, tangu mgeni rasmi mpaka kivuko. Alisikiliza ameinama. Nilipomaliza akaniuliza, taratibu kabisa, "Kwenye hiyo filamu, ndama ana nini shingoni?"

"Kamba ya mafunjo," nikajibu haraka, kama niko darasani.

"Umeiona?"

"Ipo kitabuni, mzee."

"Sikukuuliza kitabu. Umeiona?"

Wanangu, sikuwa nimeiona. Kwa aibu na haraka ya kutengeneza, nilikuwa nimekwenda hewani kuusifu mwisho ambao sijautazama. Mzee Maduhu akatikisa kichwa. "Mara ya kwanza umeponda usichokiona. Mara ya pili umesifu usichokiona. Halafu unakuja kunishawishi mimi! Loo, mayu, hii kazi yenu ikoje?"

Machozi yakanilenga, nikayaacha. Nikasema, "Mzee, sijui kama mwisho ule ni mzuri. Najua tu kwamba niliongea vibaya juu ya mtoto wako bila kumwona. Jumapili nakwenda kuutazama. Nitakaa mpaka wanifagie. Twende wote, ukiuona ni mbaya, utaniambia nami nitalisema redioni kama ulivyolisema."

Akarudi kwenye ungo wake. Akapepeta, akapuliza makapi. Nikadhani nimefukuzwa. Nilipoaga, akasema bila kuinua uso, "Saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Kuna mgeni rasmi?"

"Hakuna."

"Basi nitakuja."

Walionyeshea kwenye ghala kuukuu la pamba, madirisha yamezibwa magunia, joto la kufa mtu. Kabula alikuwa nyuma kabisa na projekta yake. Baba yake alipoingia, alitaka kumkimbilia, kisha akasita. Mzee alipita, akaketi benchi la tatu, koti limefungwa vifungo vyote. Nikaketi pembeni yake. Sikuwa na daftari.

Alitazama kama mkaguzi. Ng'ombe walipotokea akanong'ona, "Wale wamepakwa unga." Nikasema ndiyo. "Wa muhogo," akaongeza. Mama wa ziwani alipoaga, mzee aliweka mikono magotini. Ng'ombe wakaingia majini. Skrini ikawa nyeusi. Majina yakaanza kupanda.

Na watu wakainuka! Mabenchi yakalia, watoto wakakimbilia mlango, mtu akavuta gunia la kwanza na mwanga ukaingia. Mimi nilikuwa napanua mdomo nipige kelele, nikazidiwa. Mzee Maduhu alikuwa ameshasimama, mkono juu, sauti ile ya mtu aliyezoea kushindana na mashine za kiwandani: "Kaeni! Kaeni chini! Hamjageuza ukurasa!"

Ghala zima likakaa. Gunia likarudishwa. Majina yakaendelea kupanda, mengi, ya wapishi na wachunga ng'ombe, na hakuna aliyekohoa. Kisha nikaona mwanga mweupe unaingia usoni mwa mzee, na hapo, nawaambia ukweli, niliiacha skrini. Mzee Tungaraza alisema nyuso ni mara ya pili, lakini sikuweza kusubiri. Nilisikia maji, nikasikia ndama analia mara moja. Hakuna neno lililosemwa kwenye filamu. Ila midomo ya mzee ilikuwa inatembea, anausoma ule ukurasa wote kwa moyo, chinichini, kama anamsomea mtu aliyelala. Kisha ikasimama ghafla. Akasogea mbele kwenye benchi, akakunja macho kama asiyeamini anachokiona. Akaweka mkono mdomoni, na machozi yakamshuka juu ya vidole.

Taa ziliwashwa. Watu walitoka kwa utulivu, wanamgusa bega wanapompita. Mfagizi alianza kazi. Kabula akaja kutoka nyuma, akasimama mbele yetu na waya wa projekta mkononi.

Mzee akanigeukia mimi kwanza. "Umeliona lile fundo?"

"Fundo gani?"

"La kamba. Shingoni mwa ndama."

"Sikuliona, mzee. Nilikuwa nakutazama wewe."

"Aka! Mhakiki gani huyu!" akasema, na akacheka huku analia. Kisha akamgeukia mwanae, kicheko kikaisha. "Lile fundo halimo kitabuni."

"Halimo, baba."

"Umelitoa wapi?"

Kabula alikuwa anauviringisha ule waya. "Kwenye sanduku la mama. Kamba aliyolifungia mwenyewe kabla hajafa, hujawahi kuifungua. Nilipokuwa mdogo, wewe ukiwa zamu, nilikuwa nakaa mbele yake naifuata kwa kidole mpaka nikajua inavyopita."

Mfagizi alifika kwenye benchi letu, akanigusa mguu kwa ufagio, mara moja, mara mbili. Sikuinuka. Kabula akapiga goti pale kwenye vumbi la pamba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," akasema Mzee Maduhu. "Marahaba, mwanangu. Marahaba."